Mchanga wa Nkome

"Mama, niambie ukweli. Umetia sabuni kwenye tangi langu?"

"Sijatia, mwanangu."

"Na ndoo je? Hukuiosha na sabuni?"

"Klara, ndoo yako sijaigusa tangu siku ile uliyonigombeza."

Nilikuta maneno hayo Jumamosi mchana, begi begani, mguu mmoja ndani mmoja nje. Mke wangu Klara, mjamzito wa miezi mitano, alikuwa amesimama mbele ya tangi lake la samaki. Kiganjani amemlaza samaki mdogo wa bluu aina ya furu, amekufa. Mama mkwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi kama mtu aliyeitwa kwa mtendaji wa kata.

Na mimi Ignas, niliyekuwa najua nani kaua, nikasema nini? Nikasema:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwilima," akaitikia kwa neno letu la kumwita mkwe. "Pole na safari."

Basi. Jamani, mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Niwaeleze hilo tangi kwanza. Klara ni fundi cherehani hapa Ngokolo, mjini Shinyanga. Wateja huja kupimwa nguo wakaishia kukodolea macho samaki. Si tangi la majani ya plastiki, hapana. Ni majani hai yenye mizizi, samaki wadogo aina ya gapi kumi na wanne, na huyo furu mmoja aliyeitwa Shemeji. Maji ya bomba anayalaza ndooni siku mbili dawa iishe. Kila Jumamosi anatoa robo, anaongeza robo. Sponji ya chujio anaisuuza kwa maji ya tangi lenyewe, sabuni marufuku. Taa ikiwaka kutwa nzima anaizima mwenyewe, maji yasiote ukijani. Chakula chembe mbili tatu.

"Ukiwapenda kwa kuwalisha sana unawaua," aliwahi kuniambia.

Shemeji nilimleta mimi, enzi za uchumba. Wavuvi wa Nkome, kule ziwani upande wa Geita, walitaka kumfanya chambo. Nikawaomba, nikampakata kwenye ndoo ndani ya basi mpaka Shinyanga. Klara alifunua mfuniko akacheka.

"Mwanaume aliyempakata samaki siku nzima hawezi kunitupa mimi," alisema. Hapo ndipo nilipopata mke.

Lakini alinipa sharti moja, na halikuwa la ng'ombe. Baba yake alikufa mikono ikitetemeka, baada ya miaka mingi ya kuchoma dhahabu kwa zebaki. Kwa hiyo: "Uache mwalo, Ignas." Mwalo ni pale mawe ya dhahabu yanaposagwa, yakaoshwa, zebaki ikanasa dhahabu. Nikaapa nimeacha, nauza vipuri vya makarasha, zile mashine za kusagia mawe, kule Runzewe. Dukani nilikaa miezi miwili tu. Nikarudi mwaloni kimyakimya, kila nikija nyumbani nanukia mafuta ya nazi kama karani.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo akanitumia ujumbe: "Mume wangu, majani yangu yanang'oka. Ukipita Nkome nichotee mchanga laini."

Nkome mbali, na mimi mvivu. Pale mwaloni kuna lundo la marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu kwa zebaki, laini na mweupe kama sembe. Nikajaza nusu salfeti. Nikajiambia, mchanga ni mchanga tu! Nikamwambia ni wa Nkome. Akausuuza mara tano kwa mikono yake, huku akiimba.

Wiki ya kwanza mizizi ikawa myeusi. Ya pili gapi wakaanza kuelea. Ijumaa ukaingia ujumbe: "Wamekufa tisa. Njoo." Nikajua palepale. Sikujibu kitu zaidi ya "Pole mpenzi."

Sasa nimesimama mlangoni, na mke wangu ananigeukia.

"Ignas, sema basi! Mama alisema mwenyewe, samaki wasiolika wana kazi gani."

"Nilikuwa natania, mwanangu."

"Labda..." nikaanza. Macho yalinikimbilia kwenye ule mchanga, nikayarudisha upesi. "Labda sabuni iliingia kwa bahati mbaya. Mama hakukusudia."

Nilisema hivyo. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu.

Mama mkwe akajitanda kanga yake vizuri.

"Basi huenda nilikosea. Mnisamehe. Kesho nirudi zangu Kharumwa, nimekaa sana."

Klara hakumzuia.

Asubuhi nikamsindikiza stendi kwa bajaji. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, heshima haitaki. Lakini gari lake lilipopiga honi, aligeuka akanitazama machoni.

"Mkwilima, mchanga ule naujua."

"Mchanga gani mama?"

"Usinifanye mtoto. Baba yake Klara aliuleta nyumbani miaka kumi na mmoja. Kwenye viatu, kwenye mapindo ya suruali. Nilimvulisha nje, nikafagia, nikamwaga mbali, binti yangu asiuguse. Leo ameupanda ndani ya nyumba yake."

Nikashika mlango wa bajaji.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ningekuwa mama mkwe aliyevunja nyumba. Aibu yako nimeibeba mpaka hapa. Lakini mjukuu wangu sitambebea. Klara anatumbukiza mikono mle kila siku kumtafuta aliyekufa. Mimi naondoka. Wewe utajua la kufanya."

Akapanda, akakaa dirisha la upande wa pili.

Nilirudi mbio. Klara alikuwa amekunja mikono ya gauni, viwiko vyote viwili ndani ya tangi.

"Toa mikono! Klara, toa mikono kwenye maji!"

"He! Una nini wewe?"

"Si sabuni. Ni mchanga."

"Mchanga wa Nkome una nini?"

"Si wa Nkome."

Alitoa mikono polepole. Maji yakamdondoka tumboni.

"Wa wapi?"

"Wa mwaloni."

"Nani alikupa?"

"Nimeuchota mwenyewe. Sikuacha, Klara. Mwaka mzima niko mwaloni."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikwenda kunawa mara tatu kwa sabuni, akarudi akanitazama kama anavyotazama kitambaa ambacho mtu mwingine amekikata vibaya.

"Nimemhoji mama yangu kama mwizi. Mbele yako. Na wewe ukasema labda sabuni."

"Niliona aibu."

"Aibu ni ya kwangu mimi niliyemfukuza mama. Wewe ulikuwa na woga tu."

Akachukua simu, akaweka sauti kubwa nisikie.

"Mama, uko wapi?"

"Ndiyo kwanza tumetoka mjini, mwanangu."

"Mama, ulijua?"

Injini ya basi inaunguruma.

"Klara, umekula?"

Hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka simu ikamponyoka. Nikanyoosha mkono nimshike, akaupiga.

"Usiniguse na mikono hiyo! Kesho unanipeleka hospitali. Halafu unamfuata mama yangu, na usirudi bila yeye. Na huu mchanga usije ukaumwaga kwenye shamba la mtu. Urudishe ulikoutoa, na wewe uwaage hukohuko."

Hospitali daktari alisema moyo wa mtoto unapiga vizuri, lakini turudi kila tarehe aliyopanga ili wapime tena. Nilimjibu maswali yake yote mbele ya mke wangu, jina la mwalo, miaka, zebaki nashika kwa mkono au kwa glovu. Kwa mkono, daktari. Klara alikuwa anatazama ukuta.

Kharumwa nilifika asubuhi, mama mkwe anamenya mahindi uani na majirani wawili.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka. Mbona umekuja bila simu?"

Nikapiga magoti kwenye maganda. Majirani wakaacha kazi.

"Mama, ni mimi niliyewaua wale samaki. Nikakusingizia wewe, na nilikuwa najua."

"Simama, suruali inachafuka."

"Siwezi kusimama, mama."

"Klara anajua?"

"Anajua."

"Nani kamwambia?"

"Mimi."

Alipangusa mikono taratibu, macho yake chini kama desturi inavyotaka.

"Basi ngoja nichukue kanga zangu."

Mwalo niliuaga kweli. Sasa natengeneza pampu za maji hapa Ngokolo, na usiniulize kipato. Kwa wiki saba nililala kwenye kochi, mkabala na tangi jipya lililotengenezwa na fundi vioo. Ndani yake kokoto, majani na maji, samaki hakuna.

"Samaki lini, mke wangu?" nilimuuliza siku moja.

"Tangi jipya halitiwi samaki kwa pupa. Maji yanaonekana masafi, kumbe bado hayajakomaa. Ukiharakisha wanakufa tena." Alikuwa ananitazama mimi, hakulitazama tangi.

Wiki ya nane, asubuhi, akaniwekea ndoo miguuni.

"Nenda Nkome. Furu mmoja. Ukifika ziwani unipigie ya video."

Nikampigia, viatu vimezama ufukweni, wavuvi wananicheka.

"Geuza simu nione maji," alisema. Nikageuza. "Geuza nione chini." Nikageuza tena, jamani, nifanyeje?

Kesho yake mchana nikafika nyumbani, ndoo mapajani safari nzima, mapaja hayana hisia. Klara, tumbo limekuwa kubwa, akafunua mfuniko.

"Karibu, Shemeji," alimwambia samaki. Mimi hakunisalimu. Akaipeleka ndoo ndani.

Mama mkwe akasema kutoka kwenye kochi, bila kunitazama:

"Mkwilima, viatu vua nje."

Nikavua. Nikasimama na soksi kwenye baraza, nimeinamisha kichwa. Klara akarudi, akainama kwa shida, akaokota kiatu kimoja akakigonga ukutani. Mchanga kidogo ukadondoka, wa kahawia, wenye vipande vya konokono. Akauokota kwa vidole, akausugua, akaunusa.

"Huu ndio wa Nkome," alisema.

Akavichukua viatu vyote viwili, akaviingiza ndani.