Ndege Isiyoanguka na Breki za Gari la Mikate

Nyumba ile ilikuwa na amani, jamani, tusije tukajidai tuliona dalili. Jumamosi mchana, vyombo vimeoshwa, mapacha wamelala kifudifudi sakafuni wanachora, na mama yao anafunga kamba za viatu aende kazini. Alikuwa dereva wa gari la mikate, na harufu ya mikate haikumtoka hata avae nguo ya harusi. Mumewe, fundi breki aliyeheshimika gereji nzima, alikuwa mbele ya kompyuta, vipokea sauti masikioni, anarusha ndege ya kivita.

Mchezo tu, mtasema. Hata mimi nilisema hivyo. Mtu halewi, hazururi, yuko nyumbani na wanawe. Akirusha ndege za kwenye kioo kuna ubaya gani?

Ubaya ulianzia kwenye ndege aliyoipenda. Hakutaka zile za mbio na madaha. Yeye alichagua moja nzito, yenye sura mbaya, rubani kakaa ndani ya beseni la chuma, injini mbili, mitambo ya kuiongoza miwili ili mmoja ukifa mwingine ubebe. Wachezaji wenzake wa mtandaoni waliiita Sugu. Ipigwe, itobolewe, ikatike nusu ya bawa, Sugu inarudi. Fundi alijivunia kuirudisha ikiwa imetobokatoboka kama chujio, na kila ilipopigwa alisema, "Bado inaruka."

Neno hilo, ndugu zangu, likamfuata gerejini. Zamani gari likija na mlio, fundi huyu aliingia uvunguni hata kabla ya salamu. Sasa akawa anasikiliza kidogo tu, anatikisa kichwa. Mwezi mmoja kabla, gari lile lile la mikate lililetwa breki za mbele zikilia. "Bado inaruka," akasema, "lirudisheni baada ya wiki mbili." Halikurudishwa, na yeye hakuuliza. Wenzake walicheka. Nami nilikuwapo, nikacheka.

Sasa Jumamosi hiyo mkewe akasimama nyuma ya kiti chake.

"Baba Pacha, pedeli ya breki imeanza kuzama. Jana nimekanyaga mara mbili ndipo gari likashika. Na gurudumu la nyuma lina unyevu kwa ndani."

Fundi alitoa kipokea sauti cha sikio moja. La pili aliliacha vitani. "Mafuta ya breki yanavuja. Ongeza mengine, chupa iko stoo."

"Huji kuangalia? Gari si liko hapo mlangoni."

"Breki zina njia mbili, mama. Ya nyuma ikivuja, ya mbele inabeba. Mimi hapa nina injini moja na nusu bawa, na nitafika. Wewe una magurudumu yote manne."

"Mimi sina beseni la chuma," mkewe akasema, utani nusu, kweli nusu.

"Maliza mzunguko wako. Jioni nitaingia chini yake."

Kuliangalia gurudumu lile ni dakika kumi kwa fundi kama yeye, na gari lilikuwa hatua saba kutoka kiti chake. Mkewe aliongeza mafuta mwenyewe, akanawa mikono, akawaaga watoto, akaondoka. Alimwamini mumewe. Kwa nini asimwamini, na kazi yake ni breki?

Saa moja baadaye fundi alikuwa anatua. Gurudumu moja la Sugu limegoma kushuka, wenzake wote wa mchezoni wanamtazama. Simu ikatetemeka mezani. Aliliona jina. Akaigeuza, kioo chini.

"Baba, ni mama," pacha mmoja akasema.

"Ngoja, natua."

Simu iliita mpaka ikakata. Sugu ikagusa ardhi, ikaburuza tumbo, ikasimama. Wenzake wakashangilia masikioni mwake. Kwenye kioo ikatokea orodha ya uharibifu: bawa, injini, mkia. Mwisho kabisa, kwa maandishi ya kijani: rubani salama.

Simu ikaita tena. Jina lilikuwa lile lile, lakini sauti ilikuwa ya mwanamume. "Mwenye simu hii ni nani wako?"

Fundi akasema ni mkewe. Alisikia "mteremko", akasikia "ukuta", akasikia "bado anapumua". Alitoka mbio na vipokea sauti bado shingoni, waya unaburuza barabarani.

Hospitalini daktari alimweleza polepole, kama anayesoma orodha. Mbavu tatu. Taya. Mguu wa kulia, wamelazimika kuukata chini ya goti. Gari liliposhindwa kushika, mkewe aliligongesha ukutani makusudi, maana chini ya mteremko watu walikuwa wanavuka. Na gereji ilipolifungua gari, zile breki za mbele alizozitegemea fundi zilikutwa zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Yeye ndiye aliyeziacha mwezi mmoja kabla.

Siku ya tatu mkewe aliweza kusema.

"Nilisimama juu ya mteremko nikakupigia. Nilitaka kukuuliza, niteremke au nisubiri."

"Nilikuwa natua," fundi akajibu. Alipoyasikia maneno hayo kwa masikio yake mwenyewe, aliziba mdomo kwa kiganja.

"Ulitua salama?" mkewe akauliza.

Hakuwa na kejeli, alitaka kujua kweli. Fundi akatikisa kichwa kukubali, kisha akalia mpaka muuguzi akamtoa nje.

FUNZO

Silaumu mchezo, wala simwambii mtu avunje kompyuta yake. Nasema hivi: ndege ya kwenye kioo ikivunjika, unabonyeza, inakuja nyingine nzima. Mke hana kitufe hicho. Mtu wa nyumbani akikwambia kitu kimeanza kuzama, inuka hapo hapo, ukaangalie kwa macho yako. Na sisi tuliocheka gerejini tusijitoe, maana tulimsikia fundi akipuuza kazi yake na tukaona ni uhodari. Siku hizi anaingia uvunguni kabla ya salamu, kama zamani. Mkewe hupita gerejini na mguu wa bandia, humletea chakula, hukaa kidogo, kisha hurudi nyumbani kwa miguu. Gari hataki tena.