Kiti Chenye Joto

Kiti kilikuwa na joto, joto la mtu aliyekikalia muda mrefu. Wakili alikigusa kwa kiganja, akauondoa mkono taratibu. Hakuna aliyekuwa amekikalia.

Ilikuwa alasiri ya kupendekeza mawakili watakaopewa cheo cha Wakili wa Heshima. Desturi ya chama chao ilikuwa nyepesi: mpendekezaji husimama mlangoni na kuita jina, anayependekezwa, akisubiri kwenye korido, hujibu "Nipo," akaingia, akaketi kwenye kiti hicho. Asipopingwa na mtu, cheo ni chake. Wakili alikuwa ameleta jina la mkewe, wakili mwenzao, waliyemzika kabla ya mvua kuanza.

"Ndugu yangu," mwenyekiti alimwambia kwa upole, "cheo hiki ni cha walio hai."

"Najua. Niacheni nimwite tu. Aliisubiri sana siku hii."

Wote waligeuka kumtazama mzee waliyempachika jina la Pingamizi, mtu aliyewahi kupinga hata chai kuletwa mapema. Pingamizi aliangalia viatu vyake.

"Mwacheni aite," alisema. "Atamdhuru nani?"

Wakili akaita. Mwisho wa korido kukasikika kikohozi kidogo, kile alichokohoa mkewe kila aliposimama mbele ya hakimu, kisha neno moja.

"Nipo."

Kitu cha baridi kilimpita begani kikiwa na harufu ya udongo uliofukuliwa, na kiti kitupu kikalia kama kinavyolia kikikaliwa.

"Nani anatutania?" mwenyekiti alinong'ona.

Hata Pingamizi hakuinua mkono. Na kwa kuwa hakuna aliyepinga, waliita jina lililofuata harakaharaka, kama watu wanaompita mbwa aliyelala.

Jioni hiyo binti mdogo wa wakili alimpokea mlangoni akiwa anatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

"Baba, usifunge kwa komeo. Mama anavua viatu."

Tangu hapo nyumba ikawa na mtu wa ziada. Ndala ziliburuzwa jikoni. Maji yalifunguliwa bafuni, yakafungwa. Mtoto aliacha kula, akasema mama ameshamlisha, na alipopiga miayo pumzi yake ilinuka udongo. Mashavu yakabonyea, mikono ikawa myembamba kama vijiti, na kila mara wakili alipomkumbatia alihisi kuna mikono mingine iliyotangulia kumshika na isiyokuwa na nia ya kumwachia.

Mama mkwe alipomwona mjukuu wake hakuuliza maswali. Alimleta mganga, mwanamke mnene aliyeshona sare za shule mchana na kutibu watu akipata nafasi. Mganga alinusa nywele za mtoto, akakaa chini.

"Huyu si mkeo, baba. Ni jini lililokuwa likipita, likasikia linaitwa kwa heshima, likaitika. Mimi siwezi kulitoa. Wewe ndiye uliyeliita, tena mbele ya watu."

"Nifanye nini?"

"Simama palepale, uite tena. Likijibu, sema hulitambui. Neno moja tu: sikutambui. Ukinyamaza, umekubali, na litamchukua mtoto."

"Mwanangu," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini, "nami nilimpenda. Nilimzaa. Lakini sema."

Chama kilipokutana tena, wakili aliwaeleza maneno ya mganga, na hakuna aliyemtania. Pingamizi alimshika kiwiko hadi mlangoni. "Sema upesi, kijana. Usilisikilize."

Wakili aliita. Alilishika lile neno moja kinywani kama mtu anayeshika maji, akajiambia kwamba atalitoa mara tu sauti itakaposikika, kabla haijamaliza, kabla hajaitambua, na akamfikiria mtoto na mikono yake myembamba, na kikohozi kile kidogo kikaja kutoka mwisho wa korido, kikaja karibu, kikasimama mbele ya uso wake ambapo hapakuwa na kitu ila harufu ya udongo, na chini ya udongo, kwa mbali, sabuni aliyoogea mkewe.

"Nipo, mzee wangu. Umechelewa leo."

Ndivyo alivyokuwa akimwambia kila jioni, miaka yote ya ndoa yao.

Midomo ya wakili ilifunguka. Nyuma yake mtu alinong'ona, "Sema, sema basi." Machozi yalimtoka. Neno halikutoka.

Kiti kikalia. Mwenyekiti akasema, kwa sauti ya mtu anayeumwa, "Hakuna aliyepinga."

Alirudi nyumbani mbio. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ngazi, kanga imemfunika uso, na hakuinua kichwa. Ndani kulikuwa kimya. Hakuna ndala, hakuna maji. Wakili alisimama kwenye mlango wa chumba cha binti yake, akamwita kwa jina lake.

Kitandani, mtoto alikohoa kidogo.

"Nipo, mzee wangu," alisema. "Umechelewa leo."