Jina Lililopigwa kwenye Kyondo

Hili lilimpata rafiki yangu Mbayo, DJ anayetengeneza muziki wa dansi kwa kompyuta hapa Kamina. Alikuwa amealikwa Lubumbashi kwa mara ya kwanza, naye alitaka mlio ambao huko hawajausikia. Akaenda kijijini kurekodi kyondo, ile ngoma ya mti inayoita watu kwa majina yao. Baba yake mkubwa, Kalonji, akampigia jina la ndugu yake mwenyewe, aliyezama mtoni.

"Tunamuitaka mara moja tu," mzee alimwambia. "Kisha tunanyamaza."

Nyumbani, Mbayo aliziba dirisha kwa blanketi kuzuia kelele za barabara, akajifungia kwenye giza la mchana, akaufanya ule mlio ujirudie bila kukoma. Kisha umeme ukakatika na spika zikanyamaza.

Nje, kyondo kikajibu. Mlio ulitembea kando ya ukuta, taratibu, ukizunguka nyumba. Mbayo akampigia mzee simu, akamsikilizisha.

Mzee akanong'ona:

"Mutoto yangu, usimuite tena. Iko anauliza mulango iko wapi."

Mbayo akashika kitasa kwa mikono miwili. Kyondo kikafika upande wa pili wa mlango, kikanyamaza.