Vibamba Vitatu vya Mbele ya Mlango

Kila alipotoka shule wiki hiyo, Chapchap alivua sare, akanywa maji kikombe kizima, akachukua beleshi. Jina hilo alipewa na Shangazi, kwa sababu hakuwa na subira hata ya kufunga kamba za viatu. Shangazi alikuwa fundi ujenzi, na kwa siku tatu sasa walikuwa wakitandika vibamba vya zege kutoka getini hadi mlangoni. Bibi, aliyevunjika nyonga, alikuwa anatoka hospitali kesho yake kwa magongo. Kwenye simu alisema, "Nitaingia kwangu kwa miguu yangu. Sibebwi mimi kama gunia!"

Siku hiyo Shangazi aliitwa kazini. "Vimebaki sita," alisema. "Ndoo nne za mchanga, moja ya saruji, maji kidogo tu. Ukiufinya mchanganyiko ushikamane, usichuruzike. Utandaze chini ya kibamba chote, usiache uwazi."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Umeelewa, au unataka niondoke?"

Chapchap alitaka aondoke.

Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa uji mtupu. Kibamba kilizama upande mmoja, na alipokiinua kikambana kidole. Akaongeza mchanga, mchanganyiko ukawa mkavu mno. Pimamaji ya kupimia usawa nayo ilimfanyia makusudi: kiputo chake kilikimbilia kushoto, akigonga kibamba kiputo kinahamia kulia. Mara kuku wa jirani akapita juu ya mchanganyiko aliokwisha kuusawazisha.

"We kuku, nitakuchinja!" alifoka, machozi yakimlengalenga.

Alipomaliza vitatu, karai lilikuwa karibu tupu. Achanganye tena? Mikono ilimuuma, na hasira zilimjaa. Akafinyanga madonge madogo, akaweka moja kila pembe ya vibamba vilivyobaki, vile vya mbele ya mlango. Katikati akaacha wazi. Akagonga mara mbili, kiputo kikatulia. Kwa juu, hakuna ambaye angejua.

Jioni Shangazi alirudi, akatazama, akamshika bega. "Kumbe ukitulia unaweza!"

Chapchap akacheka kicheko cha kulazimisha.

Kesho yake Bibi alishuka kwenye teksi, akaingia getini, Shangazi na dereva wakimfuata. Gongo, mguu. Gongo, mguu. Chapchap alisimama mlangoni akihesabu vibamba.

"Bibi, simama! Usikanyage hapo!"

Wote wakamkodolea macho.

"Hivi vitatu... nimeweka madonge pembeni tu. Chini ni patupu. Nilichoka, Shangazi, nikaficha."

Shangazi aliinama, akagonga kwa kifundo cha kidole. Kibamba kiliitika kama debe. Akakanyaga pembe moja kwa kisigino. Donge likamomonyoka, kibamba kikainama.

"Nikakusifu!" alisema kwa ukali. "Nikakusifu, nawe ukanyamaza!"

Bibi alibebwa. Shangazi na dereva walimnyanyua akiwa juu ya kiti, naye akafumba macho mpaka alipofika ndani. Chapchap alitamani ardhi immeze.

Alasiri hiyo aling'oa vibamba vyote vitatu, akakwangua, akachanganya upya. Mara ya kwanza maji yalizidi. Alisonya, akamwaga, akaanza tena. Shangazi alimtazama kutoka dirishani.

Safari hii Shangazi hakutaka kubahatisha: kwa siku mbili hakuna aliyeruhusiwa kupita pale, mpaka saruji ikauke. Siku ya tatu Bibi alitoka, akatembea mpaka getini, akarudi. Akasimama juu ya kibamba cha mwisho, akakidunda kwa gongo. Hakikutikisika.

"Bado nimekukasirikia," alisema. "Kubebwa kuliniudhi sana. Lakini ungeendelea kunyamaza, ningekuwa nimerudi kule kitandani hospitalini. Kazi ikikushinda, sema imenishinda, utasaidiwa. Ukiificha, atakayeigundua ni yule atakayeumia."

"Nimekosa, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nipe mkono, mjukuu wangu. Hapa mlangoni pana ngazi."