Maiti Iliyohitajika Behsud

"Mwewe, hapa Kilele. Umeliona lori?"

"Naliona."

"Lisimamishe. Peke yako."

Zmarak alikanyaga mafuta. Hilux ikaruka mashimo ya barabara ya Behsud. Mbele yake lori kuukuu la Kamaz lilikuwa likitimua vumbi.

Kilele alikuwa Kanali Zalmai, mkuu wake katika Idara ya usalama, aliyebaki kituo cha polisi cha Unai, juu mlimani. Alikuwa pia mjomba wake, kaka wa mama yake. Ndiye aliyemtoa kwenye mahema ya Wakuchi, wafugaji wa kuhamahama, akamsomesha, akampa kazi. Asubuhi ile alikuwa amempa bastola mpya, Makarov.

Lori lilikuwa limebeba bunduki. Kila majani yalipochipua, Wakuchi walishusha kondoo wao kwenye bonde hili la wakulima Wahazara, na kila mwaka watu walizikwa kwa ajili ya malisho. Safari hii, alisema mjomba, kuna mgeni ng'ambo ya mpaka anayetaka wazikwe wengi zaidi.

Zmarak akalipita lori, akaikingamisha Hilux barabarani, akaruka nje.

"Shuka! Mikono juu!"

Dereva, Mhazara mwenye kofia ya sufu, alishuka. Akamkodolea macho.

"Wewe ndiye yule Mkuchi? Mbona bado uko hai?"

Risasi ikapasua kioo cha Hilux.

Zmarak alijitupa nyuma ya gurudumu la lori. Akachomoa Makarov, akalenga miambani, akafyatua.

Tak.

Tena. Tak.

"Hiyo hailii," dereva alisema.

Risasi ya pili ikamchana dereva sikio. Akaanguka, akatambaa hadi alipojificha Zmarak.

"Ananipiga mimi! Huyo juu ni Sarwar, mtoto wa mama yangu mdogo!"

"Basi mpe salamu za ukoo."

"Usinitanie, mchunga kondoo!"

"Na wewe usinichezee, pua bapa. Nani kakwambia bastola yangu hailii?"

Dereva, Nawruz jina lake, alichungulia miambani. "Kanali wenu. Nusu ya bunduki ni zetu, nusu zenu. Maiti ya Mkuchi ikiokotwa kwenye ardhi yetu, vita vinaanza." Akagusa sikio, akatazama damu. "Hakuniambia kwamba na ya Mhazara inatakiwa."

Zmarak aliigeuza Makarov mkononi.

Asubuhi mjomba alikuwa amemkabidhi kwa mikono miwili. Akambusu kwenye paji la uso.

"Bunduki yako iko wapi?" akamwuliza Nawruz.

"Chini ya kiti."

Zmarak akajipenyeza kwenye mlango wa lori, akaivuta Kalashnikov, akasubiri kitu kimetamete miambani.

Kikametameta.

Akafyatua. Juu kule mtu akapiga yowe, bunduki ikabingirika chini.

"Begani," Zmarak alisema. "Ataishi."

Redio ya lori ikakoroma. "Bonde, imekwisha?"

Sauti ya mjomba, akimwita Sarwar kule miambani.

Zmarak alichomoa Motorola, redio yake ya Idara, akabonyeza kitufe ili vituo vyote vya polisi mlimani visikie, akaisogeza karibu na ile ya lori. Akamwashiria Nawruz ajibu.

"Imekwisha," Nawruz alijibu, akiikwaruza sauti ifanane na ya Sarwar. "Wote wawili."

Redio ya lori ikakoroma tena.

"Mungu amrehemu. Nilimlea kama mwanangu. Haya, walazeni barabarani waonekane. Mimi napeleka habari mahemani, waje na silaha."

Zmarak akaichukua redio ya lori.

"Mjomba. Mahemani nitakwenda mwenyewe."

Redio ikazimwa upande wa pili. Kisha Motorola ikaamka, mtu akihema.

"Mwewe, hapa Unai. Tumesikia kila neno. Tumemshika uani akiwasha gari. Anasema wewe ni damu yake."

"Mtieni pingu. Na mje mchukue lori."

Nawruz alikuwa akijifunga sikio kwa kitambaa. "Njoo kwetu unywe chai. Mama yangu hawapendi Wakuchi, lakini mgeni ni mgeni."

"Siku nyingine. Kamtazame ndugu yako."

"Ndugu!" Nawruz akatema mate. Lakini akaanza kupanda miamba.

Zmarak akawasha sigara. Upande wa pili wa bonde mahema meusi yalikuwa yamekwisha kusimamishwa. Katika mojawapo mama yake alikuwa akikanda unga, na duniani alikuwa na kaka mmoja tu.

Akatia mikono mifukoni, akashuka kwa miguu kuelekea mahemani, polepole.