Wimbo wa Kumwita Blaise

Pakiti ya kaseti tupu ilibaki moja tu dukani, na mikono miwili ikaishika kwa pamoja.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, West Street imefurika watu, na feni ya duka lile ilizungusha joto bila kulipunguza. Mkono mmoja ulikuwa wa Laurette, msusi wa saluni moja kule Point, aliyevaa blauzi ya kitenge cha njano iliyomkaa vizuri hata muuzaji akawa anamhudumia mteja mwingine huku macho yako kwake. Mkono wa pili ulikuwa wa kijana mrefu, nywele mabegani, jinzi imechanika magotini, na mwilini shati zito la drafti lililoshonwa kwa ajili ya nchi za baridi. Katika joto la Durban! Jasho lilimtiririka, lakini shati hakulivua, maana ndivyo walivyovaa wapiga roki wa miaka ile.

"Achilia weye, mwenye suruali ya kuliwa na panya," Laurette alisema kwa Kiswahili, akiamini haeleweki.

"Panya gani? Nimeichana mwenyewe," kijana akajibu kwa Kiswahili hicho hicho.

Laurette aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Kijana akacheka. Jina lake Ilyaas, mzaliwa wa Chatsworth, wa ile jamii ya Waislamu ambao mababu zao waliletwa Durban kutoka Afrika Mashariki zamani. Kiswahili alikipata kwa bibi yake.

"Kaseti za nini, dada?"

"Za kumuita kaka yangu. Na weye?"

"Za bendi yangu. Lakini kaka anaitwaje kwa kaseti?"

Akamweleza palepale, watu wakiwasukuma huku na huku. Vita vilipoingia Bukavu, mwaka wa tisini na sita, walikimbia, na njiani wakapotezana na Blaise, mtoto wa kwanza wa mama yao. Tangu wafike Durban, mama alikuwa akirekodi sauti yake na kuwapa wafanyabiashara na madereva wa malori wanaopanda kaskazini, wazipige kaseti hizo sokoni na kambini. Hakuwa anasema maneno mengi. Aliimba tu vile alivyozoea kumwita mwanawe kutoka mchezoni: Blaise ee, rudia nyumbani, sombe iko tayari. Sombe kwao ni kisamvu.

Waligawana ile pakiti, na Ilyaas akaondoka na namba ya simu ya saluni.

Basi simu ya saluni haikupumzika tena. Mama Deborah, mwenye saluni na mwimbaji wa mbele kanisani, alichoka kuipokea. "Laurette! Mutu wako wa makelele iko kwa simu!"

"Malkia wa sombe, hujambo?" Ilyaas alikuwa akisema.

"Hapa kuna kichwa cha mutu mikononi. Sema upesi."

"Nimekumiss. Ndiyo hiyo tu."

"Eish, na umelipia simu ju ya hiyo tu?"

Akikata simu alikuwa anatabasamu mpaka wateja wanamcheka. Alimpenda. Hakukuwa na njia nyingine ya kusema.

Mama yake Laurette hakumpenda Ilyaas. Kina mama wa kanisani walimwita Mama Blaise, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, kama ilivyo kwao, na yeye aliitikia jina hilo kwa kiburi. "Mwislamu, nywele mrefu, halafu ile gitaa anaipiga sawa vile anaua ng'ombe," alisema. "Hapana. Miye ningali hai, hapana."

Bendi ya Ilyaas iliitwa Kutu. Mpiga ngoma wake alikuwa Steve, kijana wa Kizungu wa Morningside, na hukohuko walikuwa wakipiga Jumapili mchana katika ukumbi mdogo nyuma ya baa. Roki yao waliiita alternative, yaani si ile ya redio kubwa. Wasikilizaji wao walikuwa wachache wanaojuana kwa sura, wakisaidiwa na redio ya wanafunzi tu, na walijivunia uchache huo. Jumapili moja Ilyaas alimweka Laurette mbele kabisa. Gitaa likaanza kwa kunong'ona, ngoma zikaingia, kisha ukumbi mzima ukatetemeka, na katikati ya ngurumo ile Ilyaas akaita: Blaise ee, rudia nyumbani. Alikuwa ameisikiliza kaseti ya Mama Blaise, aliyoiazima kwa Laurette, mpaka ikamwingia damuni.

Laurette alilia hadharani bila kuficha uso.

"Umekasirika?" Ilyaas alimuuliza baadaye.

"Hapana, chéri. Piga tena. Piga mpaka aisikie."

Ndipo dunia ikageuka. Redio kubwa, ambazo miaka yote zilikuwa zikiliogopa gitaa kali, zikaanza kulipenyeza katikati ya muziki wa kwaito na nyimbo laini za mapenzi. Maduka ya ufukweni yakaanza kuuza jinzi zilizochanwa kiwandani. Kampuni moja ya Johannesburg ikawaita Kutu, ikawarekodi upya, ikapunguza ngurumo, ikausogeza mbele wito wa Blaise usije ukamchosha msikilizaji kwa kusubiri. Steve alinung'unika kwamba wameogeshwa na kupakwa poda. Mashabiki wa Morningside wakasusa. Lakini wimbo ukapaa, ukaingia madukani, ukaingia kwenye taxi, na aliyeufurahia kuliko wote alikuwa Laurette. Kila mahali wimbo ulipofika, yeye aliona umemkaribia Blaise hatua moja.

Kisha Ilyaas akaalikwa kuhojiwa redioni. Mtu wa kampuni alimshika bega kabla hajaingia, akamwambia kaka aliyepotea ni habari isiyo na mwisho, na watu hawapendi habari isiyo na mwisho. Wape kitu cha kulia. Ilyaas alisita. Halafu akajiambia kwamba wanaosikiliza roki ni walewale vijana wa Morningside, na hakuna Mkongo hata mmoja atakayejua. Kijana huyu, ambaye wimbo wake ulikuwa ukipigwa hata buchani, bado alidhani anaimba nyuma ya baa!

"Blaise ni nani?" mtangazaji aliuliza.

"Ni kaka wa mchumba wangu. Alifia vitani. Huu ni wimbo wa kumlilia."

Saluni ya Mama Deborah ilikuwa imefungulia redio hiyohiyo, kwa heshima ya Laurette, ambaye wakati huo alikuwa ametoka kwenda kununua nywele za kusukia. Mama Deborah alizima mashine ya kukaushia nywele. Wateja walitazamana. Kwao, habari ya msiba haitupwi kwa mama mzazi kwa simu wala njiani. Watu hutangulia, wanakaa naye, halafu mmoja anayeheshimika ndiye anayesema. Wakaona wazi kwamba Laurette amepata habari za kifo, amemwambia mchumba, na amekosa nguvu ya kumwambia mama. Maskini mtoto. Wakaamua kumsaidia.

Laurette hakuwakuta saluni, akarudi nyumbani South Beach. Lifti ilipofunguka, aliona viti vya plastiki vimepangwa koridoni. Makochi yao yalikuwa yametolewa nje, mikeka imetandikwa ndani, wanawake wamefunga vitenge viunoni, chai inachemka. Pasta Léonard alikuwa amesimama mlangoni na Biblia. Ndipo akasikia ukelele wa mama yake.

"Nani amekufa?"

Mama Deborah alimkumbatia. "Pole, mutoto wangu. Ile muzigo ilikuwa kubwa sana kuibeba peke yako."

Alipoelezwa yaliyosikika redioni, Laurette alipiga kelele. Blaise hakufa! Hakuna habari yoyote iliyokuja! Ni uongo wa redio! Wanawake waliinamisha macho. Kukataa kifo walikuwa wamekuona kwa wengi, na wengine wao wenyewe walikataa hivyo hivyo.

Mama yake alikuwa kwenye mkeka, kilemba kimeanguka. "Ulijua," alisema. "Ukamwambia mwanaume wa inje. Miye mwenye kumuzaa, ukanificha."

"Mama, naapa kwa Mungu, sijui kitu."

"Batu wote hawa bamekuya na biti, Laurette. Batu habatoe biti bure." Alivielekezea kidole viti vya plastiki koridoni.

Matanga yakaendelea. Mama Blaise alinyolewa nywele, na aliyeshika mkasi ni Laurette, kwa kuwa hapakuwa na msusi mwingine ndani ya nyumba ambaye mama angekubali. Alikata huku machozi yanamdondokea mama kichwani. Tangu siku hiyo mama hakurekodi tena. Wasafiri waliokuja kuulizia kaseti aliwakaribisha chai na kuwaambia yameisha.

Ilyaas alipiga simu kutoka Johannesburg.

"Laurette, nimesikia. Mpenzi, sikujua..."

"Ulijua ni hai."

"Nilijua hamjui."

"Sisi tulikuwa tunaishi ndani ya ile kutokujua, Ilyaas. Ile njo ilikuwa nyumba yetu."

Alikuja kwa basi la asubuhi, nywele amezifunga, amevaa kanzu nyeupe ya marehemu babu yake. Alipiga magoti mbele ya Mama Blaise na kusema kila kitu, bila kujitetea: kampuni, mtangazaji, uongo. Alisema amerudi redioni kukanusha, wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakaupiga wimbo tena.

Mama Blaise alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamshika mikono, akamwinua.

"Simama, mutoto. Najua ni Laurette amekutuma useme hivi ili nisilie. Asante. Lakini weye peke yako njo ulinipa ukweli." Akavuta pumzi. "Nilikukatalia, nilikosa. Umuoe. Mambo ya dini Mungu mwenyewe atajua."

Ilyaas alimgeukia Laurette, uso umemsawajika. Walitoka koridoni.

"Umemsikia," alisema kwa sauti ndogo. "Nitaacha bendi. Nitafanya kazi yoyote. Nikubali, Laurette, tafadhali."

Laurette alimtazama. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Nikikukubali, kila siku tutakaa kwa meza moja, na kila siku Mama atakushukuru ju ya kifo cha Blaise. Weye utakula. Na miye nitakula. Siku moja hata miye nitaamini."

"Hakuna njia nyingine?"

"Uliisema, ikasikika. Enda, Ilyaas. Enda salama."

Alisubiri lifti ishuke mpaka chini ndipo akarudi ndani. Mama alikuwa ameketi dirishani, kichwa wazi.

"Iko wapi ule kijana?"

"Ameenda. Harudi."

"Ju ya nini? Mutu muzuri vile, mwenye ukweli!"

Laurette alitafuta maneno. Yaliyokuwa ya kweli alikwishayasema yote katika chumba hiki, na hayakumfaa kitu.

"Simpendi, Mama," alisema.

Na hilo mama yake aliliamini papo hapo.