Asilimia Tisini na Moja Si Kura

Ijumaa ile tulirudi kutoka kiwandani miguu ikituwaka moto. Mimi na mume wangu, Tsung-hsien, tunaunganisha vipande vya simu hapa Taoyuan, kaskazini. Kazi ya kusimama kutwa nzima. Tukifika nyumbani hakuna anayetaka maneno mengi.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuchagua mbunge. Kwetu mtu hupiga kura pale makazi yake yalipoandikishwa, si pale anapolala. Sisi tunalala Taoyuan, lakini tumeandikishwa kijijini Tsaopu, kule kusini, nyumbani kwa mama mkwe. Ni treni ya masaa matatu na nusu. Na wikiendi ya uchaguzi viti huwa vimekwisha zamani. Unasimama tu.

Mama mkwe figo zake hazifanyi kazi. Mara tatu kwa wiki husafishwa damu kwa mashine kwenye zahanati ya Tsaopu. Bi Liao, mbunge wetu, ndiye aliyepigania zahanati ile isifungwe. Mpinzani wake alitaka mashine zihamishiwe mjini. Mjini ni mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na mama ana miaka sabini na sita. Akitoka kwenye mashine huwa anayumba.

Tsung-hsien alijitupa kwenye kiti akatoa simu.

"Hatuendi," alisema.

"Hatuendi wapi?"

"Kijijini. Tazama hapa. Bi Liao ana asilimia tisini na moja."

Ulikuwa mtandao wa watu wa nje wanaowekeana pesa juu ya nani atashinda. Sheria yetu inakataza kucheza kamari ya uchaguzi, na yeye hakucheza. Alikuwa anatazama tu. Aliyemwonyesha ni A-Kuei, mwenzake wa kiwandani.

"A-Kuei anasema kazi imekwisha. Mwenye pesa hatupi pesa yake ovyo."

Nisiwe mnafiki, nilifurahi. Nilishaanza kuiota Jumamosi ya kulala mpaka saa sita mchana.

Tukashuka chini kula tambi kwa Mjomba Teng. Kabla ya kufungua mgahawa, mzee huyu alikuwa mwalimu, na kila uchaguzi aliitwa kuhesabu kura. Tsung-hsien akamwonyesha simu. Mjomba akafuta mikono, akaitazama kwa muda.

"Hii tisini na moja ni nini?"

"Kura zake, Mjomba."

"Hapo ndipo ulipopotea. Hakuna hata kura moja iliyopigwa bado. Hii ni bei. Watu wanauziana tiketi. Bi Liao akishinda, tiketi inalipa mia. Leo wanainunua kwa tisini na moja. Maana yake wanadhani katika chaguzi kumi kama huu, atashindwa kama mara moja."

"Mara moja tu."

"Mara moja. Ukiambiwa katika mabasi kumi moja litapinduka, utampandisha mama yako?"

Tsung-hsien akakoroga tambi zake.

"Halafu wanaocheza jimbo lenu ni wachache," Mjomba aliendelea. "Tajiri mmoja akinunua tiketi nyingi asubuhi, bei inapanda. Na Bi Liao hajaongeza hata mpiga kura mmoja."

"Kwa hiyo ni uongo?" niliuliza.

"Sikusema uongo. Huenda wakawa sawa. Lakini wamekisia hivyo wakijua watu wa Tsaopu hurudi kwao kupiga kura. Wamekuhesabu na wewe, Tsung-hsien. Sasa wewe unataka kubaki kwa sababu umeshahesabiwa. Akili gani hiyo?"

Mume wangu aliweka vijiti chini. "Nimechoka, Mjomba," alisema, na sauti ilimtoka kama mtu anayetaka kulia.

"Najua. Nendeni hivyo hivyo mmechoka. Mchukue vitambulisho, mihuri yenu ya majina na zile barua za kuitwa kupiga kura. Chumba cha kura msiingie na simu, ni kosa."

Tuliondoka alfajiri. Tsung-hsien alisinzia wima mlangoni mwa behewa, kichwa kikigonga kioo. Tulipiga kura kabla ya saa nne asubuhi, tukalala sakafuni kwa mama.

Saa kumi jioni kura zilianza kuhesabiwa darasani, na kwetu wakati huo yeyote anaruhusiwa kutazama, hata akiwa na simu. Mmoja anainua karatasi juu na kutaja jina. Mwingine anachora mistari ukutani, mitano mitano. Mama alikaa kwenye kiti cha mtoto wa shule, mikono imeshikana. Mistari ya Bi Liao na ya mpinzani wake ilipanda pamoja. Tsung-hsien akachungulia simu. Tisini na moja ilikuwa imeshuka mpaka arobaini na nane.

"Zima hiyo," mama alisema. "Ukuta huo hapo."

Jimbo zima lilipojumlishwa, Bi Liao alishinda kwa kura hamsini na nane.

Jumatatu A-Kuei alimcheka mume wangu. "Si nilikwambia atashinda? Umesimama masaa saba bure, bwana."

"Treni yetu peke yake ilishusha watu zaidi ya mia," Tsung-hsien alimjibu. "Wangelala wote kama wewe, ungenicheka leo?"

A-Kuei akajikuna shingo, akarudi kwenye mashine yake.

Mwezi wa tatu bajeti ya zahanati ilipitishwa bungeni. Zahanati ikabaki, na mashine zake zote. Mchana huo huo mama alitupigia simu wakati wa mapumziko, na sauti yake ilikuwa imechoka kama kawaida.

"Nimeshamaliza kusafishwa," alisema. "Nilipumzika mara mbili njiani. Lakini nimefika nyumbani kwa miguu yangu."